Mapenzi ya roboti (Masasi na Newala)

Mapenzi ya roboti ni mvuto unaomfanya mtu aunde mashine inayojiendesha na kuendelea na kazi hiyo kwa miaka, mara nyingi bila ujira. Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hazina historia ndefu ya roboti, ila zina historia ya kazi za mikono.

Chimbuko
Mwaka 1906 Karl Weule, mtafiti wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni vichezeo vya watoto, ikiwemo simu ya uzi. Mwaka huohuo Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda, ambayo karakana zake zimelea mafundi wengi.

Mvuto wa kwanza huanzia utotoni. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria (1928), alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1980, *Mindstorms*, jinsi alivyopenda gia za magari kabla hajatimiza miaka miwili, na kwamba gia hizo zilimfungulia hisabati. Jina la kitabu lilipewa roboti za LEGO mwaka 1998.

Kinachowashikilia
Wanaounda roboti hushikiliwa na wenzao. Roboti moja humtaka anayechonga, anayeunga nyaya na anayeandika programu. Asiyejua kazi moja hujifunza kwa anayeijua. Kosa nalo huonekana papo hapo, gurudumu likigoma, bila kungoja matokeo ya mitihani ya Necta. Ndiyo siri ya mashindano ya roboti ya FIRST, shirika lililoasisiwa na Dean Kamen wa Marekani mwaka 1989, na ya FIRST Global, yaliyoanzia Washington mwaka 2017 kwa timu moja kila nchi. Nchini, shirika la Young Scientists Tanzania (2011) hukutanisha wanafunzi wenye miradi ya sayansi.

Mashine zilizoletwa zikiwa tayari huenda hazikuzaa mapenzi hayo. Viwanda vya kubangua korosho vya miaka ya 1970, Masasi na Newala vikiwemo, vingi vilisimama katika muongo uliofuata, zao lilipoanguka kutoka tani 145,000 za msimu wa 1973/74.

Hali ya sasa
Mtaala mpya umeingiza mkondo wa amali sekondari tangu 2024. Vipuri vya elektroniki bado hufuatwa Kariakoo, Dar es Salaam.