Kuta za Cinque Terre

Njia ya miguu itokayo Vernazza kwenda Corniglia, katika pwani ya Liguria nchini Italia, hupita kwenye mashamba ya mizabibu yaliyo juu ya bahari. Tulipoipanda, pumzi zilituishia mapema. Wenyeji waliipanda na matenga ya zabibu mabegani. Kwa takriban miaka elfu moja walichonga matuta mlimani, wakayashikiza kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, ili maji ya mvua yapenye pasipo kuubomoa ukuta.

Karne ya 19 ilileta reli, na karakana za jeshi la majini huko La Spezia zikawaajiri vijana. Nani angebaki kubeba mawe? Matuta mengi yaliachwa, kuta zikaporomoka. Mwaka 1997 UNESCO iliviingiza vijiji hivyo vitano katika Urithi wa Dunia. Heshima hiyo, kwa maoni yetu, haikusimamisha ukuta hata mmoja. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha tope na mawe hadi ndani ya Vernazza na Monterosso, na watu wakafa.

Karibu na Corniglia tulimkuta mzee akirudisha mawe mahali pake, moja baada ya jingine. Tulimsalimu. Alituomba tusikanyage ukingo wa tuta.