Gego la Mwisho na Kidonda cha Ufizi katika Bonde la Kilombero

Gego linaloota nyuma ya yote huitwa kwa Kiswahili jino la akili. Waarabu hulitaja kwa neno hilohilo la akili, na kwa Kilatini ni jino la hekima, kwa kuwa huota mtu akiwa amekwisha baleghe, aghalabu kati ya miaka 17 na 25. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, aliandika kwamba huota katika mwaka wa 20. Tena akataja wanawake waliopita miaka 80 walioota gego hilo kwa maumivu makali. Basi jina lasifu umri, wala halisemi neno juu ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Taya likiwa fupi, gego hukosa nafasi, likatokeza nusu tu, na ufizi hubaki umelifunika kama kikofia. Chini ya kikofia hicho huingia makombo ya chakula na vijidudu visivyoonekana kwa macho, wala mswaki haufiki. Ufizi huvimba, na gego la juu huuponda kila mtu atafunapo, hata pakawa kidonda chenye usaha na harufu mbaya.

Hapo kale lawama ilimwangukia mnyoo. Wababeli waliandika habari za mnyoo alaye jino. Naye Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728, alisema kwamba alimtafuta asimwone. Hata hivyo twasikia bado watu wakisema, "Jino lina mdudu." Mimi siwacheki, ila usemi huo una hasara: amwaminiye mdudu hutaka kung'oa tu, na pengine hung'olewa gego zima la jirani, ufizi ulio mgonjwa ukaachwa. Wengine hubandika kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Aspirini hiyo huunguza nyama laini ya kinywa, kikazaliwa kidonda cha pili.

Wala si ugonjwa wa kudharauliwa. Mwaka 1836 tabibu Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe ushukao kutoka kinywani hata chini ya taya na shingoni, ukaziba pumzi. Magego ya nyuma ni mlango mmoja wa uvimbe huo. Kabla ya kupatikana penisilini, aliyoivumbua Alexander Fleming mwaka 1928, wengi walioupata walikufa.

Katika bonde letu shida kubwa ilikuwa njia. Wakapuchini wa Uswisi walifika mwaka 1921, baada ya Wabenediktini Wajerumani kuondolewa kwa sababu ya vita, na kazi ya kutibu wagonjwa ilifuatana na misioni yao. Mwaka 1949 alikuja Profesa Rudolf Geigy wa Basel. Maabara yake ilijengwa Ifakara mwaka 1957, na mwaka 1961 kikafunguliwa kituo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini. Lakini dawa iliyopo Ifakara haikumfaa mtu aliye ng'ambo, mto ukiwa umefurika. Wakulima wa mpunga huhamia mashambani wakati wa mvua, wakakaa katika madungu yao miezi mingi. Na mtu wa upande wa Mahenge alipaswa kungoja kivuko. Daraja la Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018 tu.

Mwalimu aulizwaye dunguni ana la kujibu. Mgonjwa asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara nyingi kwa siku, hasa baada ya kula, na asafishe pale nyuma kwa mswaki laini, ijapokuwa pana uchungu. Mara nyingi ufizi hutulia kwa siku chache. Ukirudia kuvimba, gego lenyewe ling'olewe na tabibu wa meno. Kidonda kisichopona kwa majuma mawili kionyeshwe hospitali, kwa maana huenda si cha gego. Lakini akiona homa, au taya limekaza hata kinywa hakifunguki, au kumeza kumekuwa kugumu na shingo imevimba, apelekwe siku ileile, asingoje mpunga uvunwe.