Safu ya Lugha: Kuvundika

Kuna wenzetu wanaolikwepa neno "kuvundika" kwa sababu linakaribiana mno na "uvundo". Wanaandika "kuozesha mihogo". Hapana. Kilichooza hutupwa; kilichovundikwa huliwa.

Mpishi wa Kigobe, hapa Bujumbura, analijua hilo kwa pua kabla ya kamusi. Akifungua mfuko wa ikivunde, unga wa mihogo iliyovundikwa, harufu kali yenye uchachu humjia, naye hatishiki: ugali wake ndivyo unavyonukia. Jina hilo la Kirundi na kitenzi chetu ni ndugu wa shina moja.

Kuvundika ni hivi: mihogo michungu humenywa na kulowekwa siku tatu hadi tano. Ndani ya maji hayo bakteria wa asidi ya maziwa huongezeka, mizizi hulainika hadi ivunjike kwa vidole, na uchachu wa bakteria hao huwazuia bakteria waharibifu. Muhogo ukilainika, kimeng'enya chake wenyewe hukutana na sumu iliyofichika ndani yake na kuivunja. Sianidi ikatoka, nyingine majini, nyingine hewani. Halafu jua humalizia.

Siku zikikatwa, sumu hubaki. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza huko Kongo mwaka 1938, huwapata walaji wa mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha, hasa penye uhaba wa protini. Umeonekana Tanzania pia.

Basi waandishi, andikeni "kuvundika" bila haya. Nanyi mnaoloweka, msizipunguze siku.