Mlango wa Mwalimu Entick

Kwetu mtu hapiti mlango wa mwenziwe pasipo kubisha hodi, naye akiisha kubisha hungoja mpaka aitikiwe karibu. Je, askari wa serikali naye yampasa kungoja? Swali hili lina historia yake, nasi twapenda kuieleza.

Katika Uingereza alikuwako mwalimu na mtunga vitabu, jina lake John Entick, akikaa Stepney karibu na London. Mwaka 1762 alidhaniwa kuwa ameandika maneno ya kuwashutumu wakuu katika gazeti la The Monitor. Waziri wa Mfalme, Lord Halifax, akatoa hati akamatwe yeye pamoja na vitabu na karatasi zake. Tarehe 11 Novemba wajumbe wanne wa Mfalme, mmoja wao Nathan Carrington, waliingia nyumbani mwake. Walikaa muda wa saa nne, wakivunja makufuli ya milango na masanduku na kusoma maandiko yake ya siri. Kisha wakachukua karatasi nyingi, wakaenda zao.

Entick aliwashitaki barazani. Wao walijitetea kwamba hati za namna hiyo zimetolewa miaka mingi. Watu walioapishwa walikadiria fidia ya pauni 300, ikiwa hati itaonekana si halali. Mwaka 1765 jaji mkuu wa baraza lile, Lord Camden, akakata neno. Maana ya hukumu yake ni hii: aingiaye mahali pa mwenziwe bila ruhusa amekosa, isipokuwa aonyeshe sheria impayo haki ya kuingia. Sheria hiyo ilitafutwa vitabuni, isionekane. Na desturi mbaya, hata ikidumu, haigeuki kuwa sheria. Wala haja ya serikali peke yake si hoja ya kutosha.

Ng'ambo ya bahari, katika Boston, maofisa wa forodha walikuwa na hati zisizotaja nyumba wala jina la mtu, nao wakatafuta magendo popote walipodhani yamo. Wakili James Otis alizipinga mwaka 1761, akashindwa. Lakini kijana John Adams alikuwapo akisikiliza, wala hakuyasahau maneno yale. Marekani ilipokwisha kujitawala, iliongeza katika katiba yake, mwaka 1791, sharti hili: hati ya kupekua isitolewe ila kwa sababu ya kutosha, iliyothibitishwa kwa kiapo, tena itaje mahali pa kupekuliwa na watu au vitu vya kukamatwa.

Sharti hili halikuwekwa ili mwivi apate maficho, maana askari mwenye hati ya haki huingia. Liliwekwa ili mkubwa asiwe mshitaki na mwamuzi pamoja. Leo katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, na ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, nazo zalinda maskani ya mtu.

Basi, mtu akibisha mlangoni kwa jina la serikali, tumpokee kwa adabu, na kwa adabu iyo hiyo tumwombe hati tuisome. Hiyo nayo ni faida ya kujua kusoma.