Msuko wa Hadithi ya Kalulu

Tenke, nchini Kongo-Kinshasa, inajulikana kwa shaba na kobalti, na kwa reli: hapo ndipo njia ya Dilolo, iliyokamilika mwaka 1931, inapoachana na ile ya Kamina. Wakati wa hadithi, watoto wa huko humtaka Kalulu, ambalo ndilo jina la sungura kwa Kiluba, na vilevile kwa Kilamba na Kibemba. Darasani wanakosomea kwa Kifaransa, hadithi hugawanywa hatua tano: hali ya mwanzo, tukio linaloivuruga, mikasa, ufumbuzi, hali ya mwisho. Mchoro huo ni wa Paul Larivaille, wa mwaka 1974. Unafaa, lakini kwa Kalulu unapwaya.

Kile ambacho mchoro huo unajaribu kukionyesha, kwa Kiswahili huitwa msuko. Wapo wasemao ploti, na si kosa. Wapo pia, hasa katika vitabu vya Tanzania, wanaotosheka na neno muundo. Hao ndio wanaochanganya mambo, kwa kuwa muundo ni mpangilio wote wa kazi, pamoja na sura na beti zake, na hata shairi lisilo na kisa lina muundo. Msuko ni namna matukio yanavyofungamana, hili likalizaa lile. “Kalulu alikunywa maji, kisha Kobe akamkamata” ni matukio mawili yaliyofuatana tu. “Kobe alimkamata Kalulu kwa sababu alikunywa maji ya kisima alichokataa kuchimba”: hapo pana msuko. E. M. Forster aliifafanua tofauti hiyo mwaka 1927 kwa kisa cha mfalme na malkia. Mwaka huohuo Clement Doke alichapisha mkusanyiko wake wa hadithi za Walamba, na humo Kalulu yumo tele.

Hadithi yenyewe ya kisima husimuliwa hivi, ingawa kila bibi ana yake. Kiangazi kimekausha mito. Wanyama wanakubaliana kuchimba kisima. Kalulu anakataa jembe, anasema yeye umande unamtosha. Maji yanapatikana, naye anapigwa marufuku. Fisi anawekwa zamu. Kalulu anakuja na kibuyu cha asali, anamwonjesha tone moja, kisha anamwambia: asali hii ina nguvu, asiyefungwa kamba haiwezi. Fisi anaomba mwenyewe afungwe! Kalulu anakunywa, anaoga, anayavuruga maji, anaondoka. Zamu ya pili anakaa mnyama mwingine, na mambo yanakuwa yaleyale. Zamu ya tatu ni ya Kobe. Anapakwa ulimbo mgongoni, anajilaza chini ya maji. Kalulu anaita, haitikiwi. Anaingia, anakanyaga jiwe, mguu unanasa. “Niachie, la sivyo nakupiga kofi!” Mkono nao unanasa.

Wataalamu wa ngano huona hapa hadithi mbili zilizounganishwa. Katika orodha ya kimataifa ya Aarne, Thompson na Uther, wanyama wanaochimba kisima ni namba 55, na mwizi anayenaswa kwa ulimbo au lami ni namba 175. Kinachoziunganisha ni kile kukataa jembe. Vladimir Propp, aliyeorodhesha matendo 31 ya ngano mwaka 1928, alifanyia kazi ngano za uchawi za Kirusi, si hadithi za wanyama, kwa hiyo kumtafutia Kalulu matendo hayo ni kujisumbua. Walio karibu zaidi nasi ni Alan Dundes na Lee Haring, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1970 walionyesha mpango unaojirudia katika ngano nyingi za Kiafrika: urafiki, mapatano, mapatano kuvunjwa, siri kufichuka, urafiki kufa.

Sasa rudi kwenye ule mchoro wa hatua tano. Tukio linaloivuruga hali ni lipi? Mwanafunzi mtiifu atajibu: ukame. Lakini ukame hauna hatia, na wanyama wangechimba, wakanywa, hadithi ikaisha. Msuko unaanzia kwenye mapatano yaliyokataliwa. Kurudia mara tatu nako si mikasa ya kurefusha usiku. Zamu mbili za kwanza humfundisha msikilizaji hila, ili ya tatu, ambapo mlinzi yuko kimya chini ya maji, aione hatari kabla ya Kalulu kuiona. Na hali ya mwisho? Mara nyingi Kalulu anahukumiwa kufa, anawadanganya tena, anatoroka. Hakuna kilichotulia, na watoto ndivyo wanavyotaka, maana kesho watamhitaji.

Kwa hiyo, walimu wa Tenke na wa jirani, Fungurume, mtoto akiandika kwamba hadithi inaanzia pale Kalulu alipokataa jembe, mpeni alama zake zote.