Kibaba cha Mpagazi, Lita ya Mwandiga

Mpagazi wa msafara wa Ujiji alipewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Mzigo begani mwake ulikaribia frasila mbili, kilo 32 hivi. Wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, miezi saba na nusu. Zidisha mwenyewe: katika muda huo mtu mmoja alikula zaidi ya kilo 150, karibu mara tano ya alichokibeba. Ndiyo maana hakuna msafara ulioweza kujitwika chakula chake chote. Walibeba vitambaa vya merikani na kaniki, pamoja na shanga, wakanunua posho kijiji baada ya kijiji, na walipopita penye njaa, wengine walibaki njiani.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonileta Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia. Nilianzia kwenye makumbusho ya Livingstone, katika mji huu ambamo mwandishi wa habari Stanley alimkuta mwaka 1871, nikatembea polepole chini ya miembe. Watu huipenda sana miembe ya Ujiji kwa picha. Lakini njia hii walipita pia watu waliofungwa minyororo, wanaume kwa wanawake, ambao hakuna aliyewaandikia posho wala ujira. Njia ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi hapa, imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inayapendekeza kuwa Urithi wa Dunia. Sipendi kuisikia ikiitwa njia ya biashara, basi.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma Februari 1914, mgongo wa mpagazi ulipata nafuu, ila njia yenyewe haikuacha kula. Ilikula kuni na maji, baadaye ikala dizeli. Hata meli ya Liemba, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, iliendeshwa kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli.

Nilichokuwa nakitafuta, namna ya kupunguza ulaji huo, kilikuwa kimejificha ndani ya kichwa cha treni. Katika vichwa vingi vya dizeli, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inaendesha jenereta, jenereta inalisha mota, na mota ndizo zinazovuta mabehewa. Ongeza betri ya kutunzia umeme, na umeshalikaribia gari la haibridi. Wazo ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani: Ferdinand Porsche alitengeneza gari la petroli na umeme kwa pamoja mwaka 1900, wakati reli yetu haijafika hata Morogoro na wapagazi bado wanatembea. Petroli ikawa rahisi, wazo likawekwa kando, likarudi Desemba 1997 Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani.

Kutafuta gari la aina hiyo, nilifika Mwandiga kwa daladala. Pale njia zinagawanyika, moja inakwenda Kasulu, nyingine inapanda kuelekea Manyovu na mpaka wa Burundi. Kati ya madumu ya mawese na bodaboda niliikuta Aqua, gari dogo la haibridi lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Dereva, kijana wa Kiha, alinipokea kwa "Mwakeye, mzee", tukapatana bei ya kupanda milimani na kurudi.

Tulipoanza kupanda, injini ilinguruma kama ya gari lolote, mota ikiisaidia. Elimu niliipata tulipogeuza. Kwenye mteremko injini ilizima kabisa, gari likashuka kimya, na kwenye kioo cha dashibodi mshale ukaonyesha umeme unatoka kwenye magurudumu kurudi kwenye betri. "Hapa ndipo napata faida yangu, mzee," alisema. "Mlima niliulipia, sasa unanirudishia chenji."

Niliwaza magoti ya wapagazi. Aliyewahi kushuka mlima na gunia kichwani anajua kwamba mteremko nao una jasho lake: misuli inakaza kuzuia mwili usiporomoke, na nguvu yote hiyo inapotea. Breki za gari la kawaida hufanya vivyo hivyo, zinasugua mwendo mpaka uwe joto, joto linapeperuka. Haibridi inageuza mota kuwa jenereta na kuokoa sehemu ya nguvu hiyo. Haiokoi yote. Na kwenye barabara iliyonyooka, kwa mwendo mmoja wa kasi, faida hupungua sana. Nguvu yake iko mjini, kwenye simama-nenda ya abiria, na kwenye milima kama hii.

Prius ya kwanza ilipimwa Japani kwa kilomita 28 kwa lita. Barabarani kwetu usitegemee kufika huko. Lakini kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na lita hiyo, kabla ya kufika sheli ya Kigoma, imesafirishwa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani na chombo ambacho nacho kinakula njiani kama mpagazi. Ndiyo maana bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, huwa juu huku kuliko Dar es Salaam. Anayeokoa lita moja Mwandiga anaokoa na posho yake ya safari.

Teksi moja haitalipoza ziwa. Hata hivyo siwezi kulitazama ziwa bila kukumbuka utafiti uliochapishwa mwaka 2003: maji ya juu ya Tanganyika yanapopata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, na chakula wanachokitegemea dagaa kinapungua. Moshi wa dunia nzima unafika mpaka kwenye sahani ya Kigoma.

Haibridi nayo ina mdomo wake. Betri kubwa huchoka, na magari tunayoyapokea yameshaitumia miaka mingi. Ikifa, inahitaji mahali salama pa kupelekwa badala ya kutupwa nyuma ya gereji. Tena betri hiyo inataka hewa ya kuipoza. Tuliporudi Mwandiga dereva alifungua mlango wa nyuma, akatoa brashi ya rangi, akasafisha vumbi jekundu kwenye kitundu kilicho pembeni ya kiti. Abiria wakaanza kuingia. Mama mmoja akasukuma kiroba chake cha dagaa pale pale.

"Mama, naomba hapo usiweke," kijana akamwambia, akikisogeza kiroba kwa mikono miwili. "Hapo ndipo gari linapumulia."