Kitabu Kilichozaliwa Aden

Nyumbani gari likigoma, fundi hayuko mbali na bei mnaelewana. Hapa Uingereza gereji hutoza kwa saa, na saa moja huweza kumla mtu kibarua cha siku nzima. Ndiyo maana wengi wetu tumewahi kuinamia injini, mkono mmoja spana, wa pili kitabu cha Haynes.

Asili yake haiko mbali na kwetu. Mwaka 1965 John Haynes, afisa wa jeshi la anga la Uingereza, alikuwa Aden, bandari iliyojulikana sana na manahodha wa pwani yetu. Rafiki yake alikuwa na Austin-Healey Sprite bovu, na kitabu cha kiwanda kiliandikwa kwa mafundi, si kwa mwenye gari. Haynes akaifumua injini na kuifunga upya, akipiga picha kazi inavyokwenda. Kitabu kilitoka 1966. Nakala 3,000 za kwanza zikaisha kabla ya miezi mitatu.

Kwangu mimi, uzuri wake ni kumheshimu asiyejua. Baadaye kazi zilipewa alama za spana: moja ya anayeanza, tano ya fundi mzoefu. Kumwaga oili, kubadilisha filta na plagi, hayo hayataki shahada. (Ila usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake!)

Haynes alifariki 2019. Mwaka uliofuata kampuni ilitangaza kuacha kuchapa vitabu vya magari mapya. Mwenye gari la 2003 bado hukipata chake kwenye maduka ya mitumba, kurasa za oili zikiwa zimechafuka kuliko zote.